Barua ya kumwachisha kazi dada wa kaunta niliichapa mimi

Mhariri, shikamoo kama ni mkubwa kwangu, na kama ni mdogo basi habari za kazi. Mie ni msomaji wenu wa muda mrefu ingawa kusema kweli gazeti silinunui, nalisoma ofisini kwetu hapa Mwanga, Kigoma, bosi akishamaliza kurasa za michezo ndo linashuka mezani kwangu kabla halijaenda kufungia misumari. Jina langu naomba msilitoe, mkifika katikati mtaelewa kwanini.

Nataka kusema kuhusu wanawake wanaopoteza kazi sababu ya ujauzito. Najua kila ikikaribia Mei Mosi au ile tarehe 8 Machi mnaandika kidogo, anaandika mwanasheria, anaandika aliyefukuzwa mwenyewe, lakini tangu nianze kusoma magazeti sijaona hata siku moja barua ya yule aliyekaa kwenye kompyuta akaichapa barua ya kufukuza. Na yupo. Bosi wengi hawajui hata kuwasha printa. Kwetu ni mie, sekretari, na siku nyingine masjala na mtunza stoo vilevile, inategemea bosi kaamkaje.

Sisi ni duka la jumla la vifaa vya ujenzi, bati, saruji, nondo, rangi, wateja wetu wengine wa hapahapa, wengine Kasulu na Uvinza, wengine wanavuka ziwa kutoka Kalemie wanashukia Kibirizi na boti wanapakia wanarudi. Kaunta alikuwa anakaa dada mmoja wa Mwandiga, wakati ule ana miaka mitatu kasoro kazini, na nikisema anakaa nimekosea, alikuwa anasimama, kaunta yetu haina kiti. Huyo dada ukiingia tu anajua wewe ni wa misumari ya bati au ya mbao. Mteja wa Kasulu anamsemesha Kiha, Mkongo anamsemesha Kiswahili chao kile, na hesabu za dola na franga anazipiga kichwani kabla mie sijatafuta kikokotoo. Jioni hela haipungui. Ndo mtu ambaye bosi alikuwa akisafiri kwenda Dar anamwachia funguo za dukani.

Mimba ilivyofika mwezi wa tano na kitu miguu ikaanza kuvimba. Viatu vya kufunika vikamshinda akawa anavaa malapa, yale ya kawaida ya bluu na nyeupe, anayaficha nyuma ya kaunta, lakini si lazima atoke kwenda kumwonyesha mteja rangi? Bosi akayaona. Akasema mbele ya mteja, mtu anatoka Kalemie huko na dola zake anakuja kukuta mhudumu kavaa malapa kama yuko bafuni. Watu wakacheka, na mie nilicheka, naandika hapa kwa sababu ni kweli.

Alafu ikaja ya stuli. Kule stoo kulikuwa na stuli ya mbao ambayo fundi rangi alikuwa anapandia, imejaa madoa. Dada akaichukua, akaifuta, akaitia nyuma ya kaunta, mteja akiingia anainuka, akitoka anakaa, basi hivyo tu. Siku mbili. Siku ya tatu bosi akaingia ghafla akamkuta amekaa kaegemeza mgongo ukutani, akamwita kijana wa mizigo, rudisha hii stoo, alafu akamwambia dada kwa sauti ya chini kabisa, kaunta sio barazani kwenu.

Msinielewe vibaya, bosi wetu sio katili. Ukifiwa anachanga tena vizuri, sikukuu anagawa mchele kilo tano tano kwa kila mtu. Mke wake kazaa mara nne na kila uzazi tulifunga duka mapema tukaenda kumpa hongera. Ndo maana nasema hili jambo halihitaji mtu mbaya, linahitaji tu mtu anayepiga hesabu za duka na kumwona mwenye tumbo kama bati lililopinda, bado ni bati lakini sio la kuweka mbele.

Ilikuwa Agosti, kiangazi, msimu wa ujenzi huku kwetu, kabla mvua hazijaanza kila mtu anakimbizana kuezeka. Dada anatarajia kujifungua mwishoni mwa Novemba. Bosi akawa anapita anamtania, sasa wewe si ungesubiri hata msimu uishe. Utani utani. Ijumaa moja jioni akaniita akafunga mlango akaniambia andika barua. Akawa anasema naandika: kutokana na hali ngumu ya biashara, kampuni imeamua kupunguza wafanyakazi. Hapo nje fuso mbili zinashusha saruji, vumbi lake linaingia mpaka kwenye kibodi. Nikauliza, wangapi bosi? Akaniangalia. Wewe andika.

Nikaandika. Wino wa printa ulikuwa unaishia, jina la dada likatoka limefifia, nikaichapa tena ili litoke vizuri. Sijui kwanini nilijisumbua litoke vizuri.

Nikampelekea mie mwenyewe maana bosi alishapanda gari kaondoka. Akasoma amesimama, mkono mmoja kiunoni, alafu akaniuliza, dada, hii ni likizo? Nikamwambia soma tena. Akasoma tena. Akasaini nimepokea, akachukua malapa yake akayatia kwenye mfuko wa rambo, akavaa viatu vya kufunika ili asitoke barabarani na malapa. Na miguu ile ile. Akaenda kusubiri gari la Mwandiga.

Wiki mbili baadaye nikachapa barua nyingine, ya ajira. Binti mpya, kaunta ileile, mshahara umepungua elfu thelathini. Sikuandika upya, nilifungua faili la zamani nikabadilisha jina na tarehe. Kwenye usaili nilikuwepo naandika, maswali yalikuwa unajua hesabu, unajua kompyuta, umeolewa, una mchumba, una mpango wa kuzaa lini. Binti akajibu sina mpango wowote bosi, huku anaangalia chini, na mie nikaandika kwenye karatasi "hana mpango". Kama vile ni cheti.

Sasa mwenzangu utasema na wewe kwanini hukusema kitu. Nina watoto wawili. Wa pili huyo nilimficha ndani ya dela mpaka mwezi wa saba, kazi ya kabla ya hii, nikawa nasema nimenenepa sababu ya mawese, na nilivyogundulika nikaambiwa nipumzike kwanza nitaitwa, naona mpaka leo simu yao haina salio. Kwa hiyo nilikuwa najua kabisa nachapa nini. Nilinyamaza kwa sababu ada, kodi ya nyumba, na mama yangu Ujiji anasubiri cha dawa kila mwezi. Ukweli wenyewe ndo huo, sina mwingine.

Dada alijifungua salama, mtoto wa kiume. Februari nikaenda kumwona, nimebeba migebuka na sabuni. Ndo akaniambia jirani yake mmoja kamshauri aende CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mkoani hapa wapo. Alipofika akaambiwa jambo ambalo mie na uzee wangu huu wa ofisini nilikuwa silijui: mtu akiachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka malalamiko. Thelathini! Yeye ilishapita miezi sita. Zile siku 30 zake alizimalizia kitandani miguu imevimba, anasubiri tumbo, na kichwani anaamini barua imesema biashara mbaya basi biashara mbaya, atadai nini.

Hapo ndo nilipoanza kupata moto. Nikarudi ofisini, jioni wote wameondoka, nikapakua ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwenye kompyuta ileile, nikakaa naisoma mpaka mlinzi akaja kugonga dirisha anadhani mwizi. Kiingereza chake kigumu, nikawa nasoma mstari narudi. Mhariri, kila kitu kimo. Kifungu cha 7 kinataja ujauzito kwa jina kabisa kwenye orodha ya vitu ambavyo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwavyo, pamoja na ndoa na majukumu ya familia, na alafu kinasema kwenye hilo la ubaguzi mfanyakazi ni pamoja na anayeomba kazi. Yaani yale maswali ya una mchumba niliyokuwa nayaandika mie kwa mwandiko mzuri. Kifungu cha 37 kinasema ujauzito sio sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Na kupunguza wafanyakazi nako sio neno la kutupia tu kwenye barua ya Ijumaa jioni, kuna kifungu cha 38, mwajiri anatakiwa atoe taarifa mapema, aeleze sababu, akae na wahusika au chama chao wajadiliane kama inaepukika, na nani apunguzwe kwa vigezo gani. Sisi kikao chetu kilikuwa mie, bosi na vumbi la saruji.

Alafu kile kilichoniuma zaidi. Likizo ya uzazi ni siku 84 na mshahara, mapacha siku 100, na unaweza kuianza wiki nne kabla ya siku uliyotajiwa. Mama akimpoteza mtoto ndani ya mwaka mmoja wa kuzaliwa, anapata siku 84 nyingine. Ukimaliza unarudi kwenye nafasi yako ileile kwa masharti yaleyale. Anayenyonyesha apewe muda wa kwenda kunyonyesha, mpaka saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi. Na mjamzito au anayenyonyesha hatakiwi kupewa kazi ya kumdhuru yeye wala mtoto, kama ipo kazi nyingine inayomfaa ahamishiwe bila kushushwa maslahi. Mwaka 2025 wakaongeza na mama wa mtoto njiti, likizo yake inarefushwa, jambo ambalo nawapongeza waliolipigania maana nimeona kwa macho mtu anatoka wodini kwa njiti anakimbilia kazini siku zimeisha na mtoto hajafika hata kilo mbili.

Sio kwamba haina masharti. Kazini uwe umepita miezi sita, hata likizo ya malipo na hata madai ya kuachishwa isivyo halali yanataka hiyo miezi sita, ndo maana kuna mabosi wanaajiri miezi mitano wanabadilisha watu kama kubadilisha taulo. Mwajiri halazimiki kulipia zaidi ya uzazi wanne, na likizo inahesabiwa kwa mzunguko wa miezi 36, kwa hiyo wale wenzangu wa kufuatanisha nao wapige hesabu. Na unatakiwa utoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari.

Hii ya taarifa naomba nikae nayo kidogo, kwa sababu ndo mahali tunapofia. Sisi mimba hatutangazi. Ni desturi, unaogopa macho ya watu, unaogopa ikiharibika utaulizwa, bibi zetu walitufundisha tumbo lijitangaze lenyewe. Alafu na kazini unaogopa bosi. Basi unaficha na dela, unaficha na kitenge, ukigundulika miezi imebaki miwili na karatasi huna hata moja inayoonyesha bosi alijua. Sasa akikuandikia hali ngumu ya biashara, utathibitisha vipi kuwa alikuwa anajua una mimba? Atasema mie niliona kanenepa tu. Kumbe ungempa barua mapema, na kopi yako imegongwa muhuri imepokelewa tarehe fulani, alafu wiki tatu baadaye biashara inakuwa ngumu ghafla kwa mtu mmoja tu, hapo yeye ndo ana kazi ya kuelezea. Kwa sababu sheria yetu kwenye kuachisha kazi inamtaka mwajiri ndo athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Hata mkataba wa maandishi kama hakukupa, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini ni wake. Hili wadada wa fremu na saluni na gesti hawalijui kabisa, wanasema mie sina mkataba siwezi kudai. Unaweza. Hata dada wa kazi za ndani ni mfanyakazi.

Na wa gesti nisisahau, maana hapa mjini gesti ni nyingi. Mapokezi ya usiku, mtoto wa watu tumbo liko miezi minane amekaa mpaka alfajiri anasubiri abiria wa treni iliyochelewa. Sheria imekataza kumpanga mjamzito kazi za usiku miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua, na mama aliyejifungua miezi miwili baada, na usiku wanaouhesabu ni kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kama daktari ameandika mapema zaidi basi mapema zaidi.

Kuna kitu kingine kilinichekesha peke yangu ofisini usiku ule. Kifungu cha 16 kinasema kila mwajiri abandike mahali panapoonekana tangazo la haki za wafanyakazi. Nikageuka kuangalia ukuta wetu. Kuna leseni ya biashara, picha ya Rais, kalenda ya saruji ya mwaka juzi na karatasi niliyochapa mie mwenyewe, HAKUNA KUKOPA.

Na wale wanaosema haya mambo tumeletewa na wazungu, niliendelea kusoma nikaona hata hao wazungu wamehangaika. Marekani mwaka 1976 Mahakama yao ya Juu iliamua kwamba kampuni ikiwalipa wafanyakazi wanaougua na ikawaacha nje wajawazito sio ubaguzi wa kijinsia, eti kwa sababu haikuwatenga wanawake, iliwatenga wenye mimba. Sijui huko wenye mimba ni akina nani. Ikabidi Bunge lao mwaka 1978 litunge sheria kuligeuza hilo. Na mpaka leo sheria ya nchi nzima kule haimlazimishi mwajiri wa binafsi kumlipa mzazi akiwa likizo, wana ile ya 1993 ya wiki 12 bila malipo, tena kwa kampuni zenye watu kuanzia 50. Sisi kwenye karatasi tumewazidi. Ila mwaka 2023 ilianza kutumika sheria yao nyingine ya wajawazito kazini, na kanuni zake zimetaja wazi vitu vidogovidogo ambavyo mwajiri karibu hana pa kuvikatalia: kuwa na maji ya kunywa karibu, kwenda chooni zaidi, kupumzika ale, na kukaa kama kazi ni ya kusimama. Kukaa, Mhariri. Stuli. Watu wazima walikaa kikao wakaandika stuli kwenye sheria, na mie nilidhani dada wa watu anadeka.

Sasa turudi kwa dada. CMA walimwambia asikate tamaa, kuna fomu ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, unaeleza sababu za kuchelewa wanazipima. Akaeleza uzazi, akaambatanisha kadi ya kliniki na tangazo la kuzaliwa la mtoto. Hakuna hela aliyotozwa. Ikakubaliwa, wakaitwa usuluhishi yeye na bosi. Bosi akaenda na ile barua yangu. Dada ndo alinisimulia, kwamba bosi alieleza hali ya biashara kwa huzuni sana, msuluhishi akamsikiliza mpaka mwisho alafu akauliza swali moja, sasa hivi pale kaunta anakaa nani?

Aliyekaa kaunta, barua yake ya ajira ina tarehe. Nimeiandika mie.

Wakaelewana hapohapo bila kwenda mbele kwenye uamuzi, dada akalipwa mishahara mitano na cheti cha utumishi. Mie naona ni kidogo. Angeshikilia, waamuzi wana uwezo wa kuamuru arudishwe kazini au alipwe fidia kubwa zaidi ya hiyo, lakini mtoto ana miezi saba, baba wa mtoto yuko kwenye mitumbwi ya dagaa na mbalamwezi ikitoka hawavui, unamwambiaje mtu asubiri. Akachukua. Akafungua kigenge cha mkaa na mafuta ya mawese palepale Mwandiga, na hesabu zile alizokuwa anapiga kichwani sasa anajipigia mwenyewe. Kwenye usuluhishi hakunitaja. Angeweza kusema sekretari anajua kila kitu, muiteni. Hakusema. Nilipoenda kumshukuru akaniambia wewe dada una watoto, basi yakaishia hapo, akanipimia mawese lita moja na hela akaikataa.

Nilichokuwa nataka kuwaomba nyie wa gazeti ni kwamba hizi siku 30 mziandike kubwa, hata mara moja kwa mwezi, kona yoyote, kama mnavyoandika ratiba ya mpira. Mtu akiachishwa leo ajue siku zimeanza kuhesabika. Na kama dai lako sio la kuachishwa, mfano umenyimwa likizo au umekatwa mshahara, ni siku 60. Na maafisa kazi, nyie mnaokagua, mkija madukani msiishie kuuliza NSSF na kunywa soda na bosi, ingieni nyuma ya kaunta muangalie kama kuna pa kukaa. Niliwahi kumwona mmoja akaja kwetu, alikuwa mkarimu sana, akaniuliza mie hali ya kazi ikoje huku bosi amesimama nyuma yangu. Ningejibuje?

Na wenzangu wa kwenye kompyuta, masekretari, makarani, wahasibu wasaidizi, sisi ndo tunajua. Tunajua biashara haikuwa ngumu kwa sababu risiti tunazifaili sisi. Tunajua nani aliajiriwa wiki mbili baadaye. Sisemi mkatae kuchapa, mie mwenyewe sikukataa, na mtu asije akanisema shujaa kwa hii barua isiyo na jina. Lakini kuna vitu vidogo. Unaweza kumnong'oneza mtu siku hiyohiyo kwamba siku ni 30. Unaweza kumtolea kopi ya mkataba wake kabla faili halijafungiwa kabatini. Kopi moja ni shilingi mia.

Nilikuwa nimemaliza hapo ila kuna jambo la juzi Jumanne, naliongeza.

Yule binti mpya sasa sio mpya tena, ameshapita mwaka. Nimekuwa namwangalia siku nyingi, anavaa dela, asubuhi harufu ya rangi inamkimbiza nje. Sikusema kitu. Jumanne mchana bosi amekwenda benki akaja mezani kwangu anajifanya kutafuta pini, akasimama, akaniuliza kama vile anaulizia mtu mwingine, dada, hivi mtu akitaka kumwandikia bosi barua ya uzazi inaanzaje? Nikamwuliza huyo mtu anategemea lini. Akasema Januari mwishoni. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza, tuko Septemba, miezi mitatu inatosha na inabaki. Kadi ya kliniki anayo kwenye pochi, cheti cha daktari atakwenda kukiandikiwa kesho yake.

Alhamisi nikaichapa, aya mbili tu, tarehe ya kutarajia kujifungua, siku 84, na mstari mmoja ambao niliuongeza bila yeye kuniambia, kwamba kutokana na hali yake anaomba kiti kaunta. Nakala mbili. Barua zote zinazoingia napokea mie na muhuri unakaa kwenye droo yangu, nikaugonga zote mbili, tarehe inasomeka vizuri maana wino nilishabadilisha. Moja nikaiweka kwenye faili la bosi juu kabisa, ya pili nikampa akaikunja akaitia kwenye pochi pamoja na kadi ya kliniki.

Bosi ameisoma leo asubuhi. Hajasema kitu bado. Ila mchana nimemsikia anamwuliza kijana wa mizigo ile stuli ya fundi rangi iko wapi.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma